Fumua, Mama Mihayo

Josiane aliposhuka kwenye pikipiki mbele ya jengo la kikundi cha akina mama pale Nemba, alikuwa amejipamba kama mtu anayekwenda kwenye harusi ya adui yake. Kitenge cha kijani kilimkaa vizuri kiunoni, nywele zilisukwa zikavutwa nyuma ili shingo ionekane, na shingoni alivaa kidani kipana cha shanga nyekundu na nyeupe alichokitunga kwa ajili ya safari hiyo tu. Alifuta vumbi la njiani usoni, akasimama wima, akawatazama wanawake waliotoka kumpokea kwa vigelegele.

Alikuwa akimtafuta mmoja.

"Karibu mwalimu, karibu sana!" alisema mwanamke mnene mwenye sauti ya uchangamfu, akimpokea begi lake. "Mimi naitwa Teddy, ndiye katibu. Mwenyekiti wetu yuko jikoni anaangalia uji. Mama Mihayo! Toka umwone mwalimu wa shanga, amefika kutoka Rulenge!"

Suzana alitoka akifuta mikono kwenye khanga. Alikuwa amezeeka kidogo, lakini kichwa alikibeba vilevile, juu, kama mtu aliyezoea kusikilizwa. Hatua ya tatu ikamshinda. Akasimama.

"Shikamoo, mama," alisema Josiane kwa upole mwingi.

Wanawake walisubiri. Teddy alimgeukia mwenyekiti wake akashangaa kumwona amekauka midomo.

"Marahaba," Suzana alijibu mwishowe. "Marahaba... mwalimu."

Josiane akatabasamu. Safari yote ya kutoka Rulenge, mashimo yote ya barabarani, alikuwa ameyavumilia kwa ajili ya neno hilo.

Maana mara ya mwisho walipoonana, Suzana hakumwita mwalimu. Wakati ule Josiane na Mihayo, mtoto wa pekee wa Suzana, walikuwa wakizunguka pamoja kwenye vijiji vya Ngara na Biharamulo kufundisha vikundi kutengeneza mapambo. Josiane alifundisha shanga; Mihayo alifundisha bangili na hereni za pembe za ng'ombe. Ndivyo mapenzi yalivyoanza, meza moja, yeye akivuta uzi na Mihayo akipiga msasa, macho yakikutana kila mmoja aliponyanyua kichwa kupumzika. Mihayo ndiye aliyemfuata. Mihayo ndiye aliyeapa. Na Mihayo ndiye aliyemleta Nemba siku moja ya Jumapili, baada ya ibada, kumtambulisha nyumbani.

Josiane alikuwa amepiga magoti kumsalimia mama mkwe wake mtarajiwa. Suzana hakuitikia. Alisema, majirani wakisikia, "Mwanangu hawezi kuoa mtoto wa watu waliovuka mpaka na masufuria kichwani. Leo wako hapa, kesho wamerudi kwao. Mrudishe huyu ulikomtoa."

Josiane alizaliwa Murusagamba. Alisoma Murusagamba. Baba yake, mzee Gervasi Niyibizi, alikuwa amelima ardhi ya Murusagamba mpaka mgongo wake ukapinda. Alimgeukia Mihayo amtetee. Mihayo akainama, akawa anachokoachokoa ardhi kwa ncha ya kiatu. Josiane alinyanyuka, magoti yana vumbi, akaondoka peke yake, na tangu siku hiyo hapakuwa na asubuhi aliyoamka bila kumkumbuka Suzana.

Ndiyo maana maombi ya kikundi cha Nemba yalipofika Rulenge, na walimu wenzake wakalalamika kwamba ni mbali, yeye alisema, "Nipeni mimi. Nemba nakwenda kwa moyo wote."

*

Alianza kazi siku ileile.

Aliwaketisha kwenye mikeka, akagawa nyuzi, sindano na vikopo vya shanga. Alikuwa mwalimu mzuri na wanawake walimpenda tangu saa ya kwanza. Teddy akikosea, alicheka naye. Mabinti wakichanganya rangi, aliwashika mikono akawaelekeza. Lakini kila alipofika kwa Suzana, sauti yake ilibaki laini na macho yakageuka kuwa mawe.

"Mama Mwenyekiti, hebu nione." Alikinyanyua kipande cha Suzana, akakiinua juu wote wakione. "Mnaona hapa? Punje zimekaa kama meno mabovu. Fumua, mama."

Suzana alifumua. Macho yake hayakuwa mazuri tena na vidole vilikuwa vigumu kwa miaka ya jembe, lakini alifumua, akaanza upya.

Baadaye kidogo Josiane akarudi. "Sasa umekaza mno. Shanga zinataka kupumua. Fumua."

"Mwalimu, mbona hicho ni kizuri tu?" Teddy alijaribu. "Changu mimi kibaya zaidi na umekipitisha."

"Wewe ni mwanachama, dada Teddy. Yeye ni mwenyekiti. Kiongozi akikosea, kikundi kizima kinakosea. Au nakosea, mama?"

"Hukosei," alisema Suzana. Akafumua.

Siku ya pili ikawa hivyohivyo. Wanawake wengine walikuwa wameshaingia kwenye hereni, mwenyekiti bado yuko kwenye bangili ya kwanza. Sindano ilimtoboa, damu ikatoka. Akafyonza kidole, akaendelea. Minong'ono ilianza kuzunguka mikekani. Josiane aliisikia na ikamkata kiu ya muda mrefu. Alitamani Suzana akasirike. Alitamani atupe sindano, apayuke, aseme lile neno la masufuria mbele ya wanawake wake mwenyewe, ili wote wamjue. Lakini mama yule hakufungua mdomo. Alifumua tu.

Mchana wa siku hiyo pikipiki ilisimama nje. Josiane hakuhitaji kutazama. Aliijua ile namna ya kukohoa kabla ya kuingia mlangoni.

"Hodi akina mama. Mwadila!"

"Mwadila, mwalimu wa pembe!" waliitikia salamu hiyo ya Kisukuma.

Mihayo aliingia na gunia la pembe begani, misuli ya shingo imesimama, ndevu amezichonga vizuri kuliko zamani. Alijua nani anafundisha. Josiane aliliona hilo usoni mwake. Hakuonekana kushtuka. Alionekana kama mtu aliyekuwa akisubiri. Alilitua gunia, wakatazamana kupita vichwa vya wanawake wote wale, na moyo wa Josiane, ule aliodhani ameshaufundisha adabu, ukaruka kama ng'ombe aliyefunguliwa kamba.

Alijichukia kwa hilo. Akamgeukia Suzana. "Fumua, mama Mihayo," alisema, kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Mihayo alimwona mama yake akifumua. Akainama, akaanza kutoa pembe guniani.

*

Jioni, wanawake walipokwisha kuondoka, Mihayo alimkuta Josiane nyuma ya jengo akisafisha vikopo.

"Umezidi kupendeza," alisema.

"Umenijia kwa hilo?"

"Nimekuja kwa mengi. Sijui nianzie wapi."

"Anzia pale ulipokuwa unachokoachokoa ardhi kwa kiatu."

Mihayo alishusha pumzi. Alikaa kwenye tofali, karibu lakini si karibu sana, kama mtu anayemkaribia ndege. "Josi, nilikuwa mtoto. Mama alinifunga mdomo. Unamjua mama, akisema amesema. Nililia usiku ule, Mungu shahidi yangu. Nilitaka kukufuata Murusagamba, akaniambia nikikanyaga huko nisirudi kwake."

"Na ukamtii."

"Ni mama yangu. Ningefanyaje?"

"Ungenyanyua kichwa. Hilo tu. Nisingetaka zaidi ya hilo."

Mihayo akaunyosha mkono, akakigusa kidani chake, sehemu ile nyeupe iliyolala juu ya mfupa wa bega. Josiane alipaswa kuurudisha mkono ule. Hakuurudisha.

"Sijaoa," alisema Mihayo taratibu. "Kila mwanamke niliyemwona nilimpima kwako. Umemwona mama anavyofumua? Basi, mfumulishe. Ndiye aliyetuharibia maisha. Mimi sikuzuii. Mpe haki yake yote, halafu ukimaliza, nikumbuke na mimi."

Maneno hayo yalimchoma Josiane mahali asipopajua. Yalikuwa matamu, na ndani yake palikuwa na kitu kichungu mithili ya mbegu ya limau iliyotafunwa. Mtoto wa pekee anasema hivyo juu ya mama yake? Lakini mkono ulikuwa bado begani kwake, na ulikuwa na joto lilelile.

"Nenda, Mihayo," alisema. "Watu watatuona."

"Waone."

"Nenda."

Alikwenda akigeukageuka nyuma. Josiane alibaki amekishika kikopo kitupu. Alimpenda. Mungu wangu, alikuwa bado anampenda. Na kwa sababu hiyo, hasira yote iliyokuwa ya kugawanywa kwa wawili aliielekeza kwa mmoja. Kesho ilikuwa siku ya mwisho ya mafunzo. Kesho atammaliza.

*

Siku ya mwisho ukumbi ulijaa. Baadhi ya waume walikuja, na majirani, na kila mwanamke alivaa kazi ya mikono yake. Suzana peke yake hakuvaa kitu. Bangili yake ilikuwa bado kwenye uzi. Mihayo alikuwa nje uani akikusanya vumbi la pembe. Mlango ulikuwa wazi.

Kabla ya kufunga, Josiane aliomba waketi.

"Nina kisa," alisema. "Kuna binti mmoja alipendwa na kijana. Kijana akampeleka kwao. Binti akapiga magoti kumsalimia mama wa kijana. Yule mama hakuitikia salamu. Alimwita mtoto wa wavuka mpaka, wa kubeba masufuria, akamfukuza mbele za watu kama kuku aliyeingia jikoni. Huyo binti hakuwa mwizi, hakuwa malaya. Alikuwa na heshima zake na kazi yake."

"Uuuwi!" walipiga kelele. "Mama gani huyo?"

"Huyo hana hofu ya Mungu!" alisema Teddy. "Salamu tu akashindwa kuitikia?"

"Sasa nataka ushauri wenu." Josiane aligeuka taratibu. "Na kwa sababu tuna kiongozi wetu hapa, nianze naye. Mama Mwenyekiti, wewe ni mtu mzima. Mama kama huyo anastahili nini?"

Huu ndio ulikuwa wakati wenyewe, aliouota kila alfajiri. Suzana alikuwa amekaa na bangili isiyokwisha mapajani. Alinyanyua uso.

"Mama huyo asipate mkwe," alisema. "Azeeke akijitekea maji mwenyewe. Na akifa, yule binti asimlilie."

"Kweli kabisa!" wanawake walipiga makofi.

"Na kama hamjamjua," Suzana aliendelea, akinyanyuka kwa taabu, "mama huyo ni mimi. Na binti ni huyu mwalimu wenu. Maneno yote aliyoyasema niliyasema kwa kinywa changu. Katibu, tafuteni mwenyekiti mwingine."

Makofi yalikatika. Teddy alijiziba mdomo. Suzana alijifunga khanga yake vizuri, akapita katikati ya mikeka na kutokea mlango wa nyuma, na hakuna hata mmoja aliyethubutu kumwita.

Josiane alisimama pale mbele ya watu. Alikuwa ameshinda. Alisubiri raha ije. Haikuja. Kisha akaona mlango wa uani, alikokuwa Mihayo, na Mihayo alikuwa ameegemea nguzo akisikiliza yote. Hakuwa amemkimbilia mama yake. Alimkonyeza Josiane.

Josiane akatoka kwa mlango wa nyuma.

Alimkuta Suzana ameketi kwenye ngazi, amevua viatu, anajikanda miguu.

"Mbona hukujitetea?" Josiane aliuliza. Sauti ilimtoka kwa ukali kuliko alivyotaka. "Siku zote hizi nimekudhalilisha. Kwa nini hujanijibu hata mara moja?"

"Ningejitetea ningemtaja mtu."

"Mtu gani?"

"Nenda nyumbani, mwalimu. Umenipata. Inatosha."

"Haitoshi! Mama, nimebeba yale maneno kifuani kwangu tangu siku ile. Kama kuna mtu mwingine, nina haki ya kumjua."

Suzana alimtazama kwa muda mrefu. Macho yake hayakuwa na chuki. Yalikuwa yamechoka tu.

"Siku ya kabla ya wewe kuja," alisema, "mwanangu alikuja jikoni kwangu akapiga magoti. Alikuwa ameshapata mwingine, Happyness, binti wa mwenye duka kule Biharamulo mjini. Aliniambia, mama, nimemwahidi yule wa Murusagamba mambo makubwa, siwezi kumwambia kwa mdomo wangu kwamba simtaki. Mkatae wewe. Akikuchukia wewe haidhuru. Mkatae kwa maneno ambayo hatarudi tena."

Josiane alishika ukuta.

"Nilimtafutia maneno hayo," alisema Suzana. "Sitaki useme mama Mihayo ni malaika. Niliyatafuta yanayouma, na niliyapata haraka. Hilo ni langu. Ni mtoto wangu wa pekee, aliniomba, nikambebea. Happyness aliolewa na dereva mmoja mwaka uleule. Sasa Mihayo amekusikia una jina, amekuona, na leo asubuhi ameniambia nijifanye nimebadilika, nije nikuombe msamaha ili mrudiane. Yaani niwe mbaya tena, halafu niwe mzuri, kwa ajili yake. Jana alinikuta vidole vimetoboka, akacheka. Nimechoka kumbebea, mwanangu. Ndiyo maana nimekuambia."

Ndani ya ukumbi wanawake walikuwa wakinong'ona. Josiane aliketi kwenye ngazi, pembeni ya mtu aliyemchukia kuliko wote duniani, akajifunika uso kwa mikono. Hakulia. Kitu kilikuwa kikihama ndani yake, kizito kilekile, kinatoka upande mmoja kwenda mwingine.

*

Josiane alipoufunga mzigo wake, Mihayo alikuwa akimsubiri kwenye pikipiki, uso umejaa furaha.

"Umemweza!" alisema. "Sasa yamekwisha. Josi, turudiane."

Josiane alimtazama machoni. Alimpa nafasi moja, kwa moyo mweupe, na kama angeitumia huenda angemsamehe.

"Nijibu kitu kimoja. Siku ile uliponileta kwenu, ulijua mama yako atanikataa?"

Hakupepesa hata jicho. "Naapa mbele ya Mungu, sikujua. Alinishtua kama alivyokushtua wewe."

Hapo ndipo mapenzi yalipogeuka kuwa kitu kingine. Josiane alijisikia akipoa kuanzia kwenye vidole. Alimwekea Mihayo mkono kifuani, akatabasamu tabasamu lililomfanya kijana wa watu asahau jina lake.

"Basi njoo nyumbani Murusagamba. Njoo kwa heshima, na wazee wako. Na mama umlete. Bila mama usije."

*

Walikuja mwisho wa mavuno ya maharage. Gari lilikwama mara kadhaa njiani, na walipofika kwa mzee Gervasi suruali zilikuwa na matope mpaka magotini. Mzee Jeremia, baba mdogo wa Mihayo, ndiye aliyekuwa mshenga. Suzana alikuja nyuma yao kimya, amevaa gauni la kanisani. Mihayo alivaa suti.

Uwanja ulifagiliwa, viti vikapangwa kwenye kivuli cha migomba. Majirani wote walikuwepo. Mzee Gervasi aliketi na fimbo yake, uso haueleweki. Hakujua kitu; Josiane alikuwa amemwambia shangazi yake Dafroza peke yake, nao wawili walikuwa wamekaa chumbani tangu asubuhi, wameshikana mikono.

"Bado unampenda?" shangazi alikuwa amemuuliza.

"Nampenda, shangazi. Hilo ndilo linaloniua."

"Basi bado una nafasi. Ukitoka hapo nje, neno moja tu litatosha kwa upande wowote."

Nje, mzee Jeremia alikuwa akimaliza maneno yake. "...kwa hiyo, mzee mwenzangu, kijana wetu anatafuta jiko. Ametembea Biharamulo yote, ametembea Ngara yote, macho yake yameishia hapa. Tunaomba tufanye harusi."

"Nimesikia," alisema Gervasi. "Lakini mimi hapa siozi kuku. Naoza mtu mwenye akili zake. Dafroza, mlete binti aseme kama wageni hawa anawafahamu."

Vigelegele vilipigwa. Josiane alitoka ameinama kidogo kama desturi inavyotaka, kitenge kipya, shingo tupu bila hata punje moja. Alipiga magoti mbele ya baba yake. Aliyahisi macho ya Mihayo yakimlamba uso.

"Mwanangu," alisema Gervasi, "wageni hawa wanasema umewaita wewe. Unawafahamu?"

Josiane alinyanyua kichwa. Alimtazama Jeremia, akamtazama Suzana aliyekuwa ameinamisha macho, kisha akamtazama Mihayo. Alimtazama kwa kutulia, kope kwa kope, mdomo, ndevu, mikono ile iliyojua kulainisha pembe, kwa sababu alijua hatamtazama hivyo tena.

"Yule mama namfahamu, baba," alisema. "Huyu kijana simfahamu."

Mtu mmoja alicheka, akidhani ni utani wa bibi harusi.

"Binti, tazama vizuri," alisema mzee Jeremia. "Huyu ni Mihayo."

"Nimetazama vizuri, mzee wangu. Kuna Mihayo mmoja niliyempenda. Huyo hawezi kumpigia magoti mama yake amtukanie mtu kwa sababu yeye mwenyewe ana woga wa kumwambia sikutaki. Huyo hawezi kuniapia uongo kwa jina la Mungu. Kwa hiyo huyu simjui."

Mihayo alisimama ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake. "Nani kakuambia?"

Uwanja mzima ulimsikia. Alitambua alichokisema wakati tayari kilikuwa kimetoka. Akaangalia kushoto, akaangalia kulia. Kila uso uliokuwa ukimchekea sasa ulikuwa ukimsoma. Mzee Jeremia alivua kofia yake, akaishika kwa mikono miwili, akaitazama kwa ndani.

"Josi, nisikilize," Mihayo alianza, sauti imepasuka. "Nilikuwa mtoto... Ni mama ndiye... Mama, waambie basi! Sema kitu!"

Kama Mihayo angemwita tena kwa ile sauti ya zamani, kama angelia, Josiane hakujua angefanyaje. Alikuwa amelitaka jambo hili kwa nguvu zake zote, na sasa alikuwa nalo mkononi, linakata kotekote. Lakini hakuinamisha macho.

Mzee Gervasi aligonga fimbo yake chini.

"Wageni wamepotea njia," alisema bila hasira. "Inatokea. Wapeni maji wanywe, warudi mapema, barabara yetu mnaijua. Ila yule mama amefahamika. Mama, karibu ndani."

Mzee Jeremia alikunywa maji yake, akashukuru kwa heshima, akaelekea kwenye gari peke yake. Mihayo alibaki katikati ya uwanja na suti yake yenye matope, hakuna anayemsemesha. Mwishowe alimsogelea mama yake, akamshika mkono.

"Mama, twende."

Suzana alimtazama. Alimrekebishia kola ya shati, kama alivyokuwa akifanya akiwa mdogo wa kwenda shule. Kisha akautoa mkono wake taratibu.

"Tangulia, baba," alisema. "Mimi nimekaribishwa chakula."

Akavua viatu mlangoni, akaingia.